Ng'ombe Hawahesabiwi Hadharani: Kuomba Fedha za Chuo Tukiwa Garsen



Nataka nianzie kwenye saiba moja hapa hapa Garsen. Mzee wa Kiorma alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki nyuma ya mwanawe, fimbo ameilaza mapajani. Kijana amepata nafasi ya chuo kikuu, wa kwanza katika mlango wao, na siku hiyo alikuwa akijaza maombi ya fedha. Mtandao unakuja, unapotea. Akafika mahali panapouliza mapato ya mzazi. Akageuka: "Abba, niandike nini hapa?" Mzee kimya. "Ng'ombe wamebaki wangapi?" Mzee akatazama kulia, akatazama kushoto. Saiba imejaa watu. Akainuka, akatoka nje, akasimama chini ya mwarobaini.

Kijana alibaki na kile kisanduku kitupu. Hakutaka babake aonekane fukara mbele ya serikali, basi akaandika shilingi elfu 30 kwa mwezi.

Mimi nilikuwa kiti cha pili, nimemsindikiza mtoto mwingine. Niliiona ile namba ikiingia, na sikusema neno, kwa kuwa sikuulizwa na mzee yule ni mkubwa kwangu kwa umri. Nimekijutia kimya changu tangu siku ile, na ndiyo sababu nimesimama mbele yenu leo.

Wanaotoka jamii za wafugaji wanajua kwa nini mzee alitoka. Ng'ombe hawahesabiwi hadharani. Mtu hasimami kati ya watu akataja idadi ya mifugo yake, kama ambavyo hataji idadi ya wanawe akijigamba. Na kwa mzee huyu kulikuwa na jambo zito zaidi la kumfunga mdomo. Kuanzia mwisho wa 2020 mpaka mwisho wa 2022 mvua ilikosa misimu 5 mfululizo. Mnakumbuka mizoga njiani. Aliyekuwa na boma lililojaa alibaki na wachache wa kukamua. Kumwambia mzee wa namna hiyo ataje ng'ombe wake mbele ya watu ni kumwambia asome majina ya maiti wake kwa sauti.

Lakini fomu haiyajui hayo. Fomu ile ilitungwa na mtu aliyekuwa akimfikiria mzazi mwenye hati ya mshahara: kila mwisho wa mwezi anajua kilichoingia, anajua kilichokatwa. Sisi mali yetu inatembea kwa miguu minne, au inaning'inia mtini ikingoja kuiva, au imelala tope ikingoja mto. Mwaka mmoja ipo, mwaka unaofuata Tana imeichukua. Hiyo tofauti, kati ya jinsi fomu inavyouliza na jinsi sisi tunavyoishi, inawagharimu watoto wetu pesa nyingi kila mwaka. Na hakuna ofisa wa Nairobi atakayekuja kuiziba. Tutaiziba sisi, kwa kujieleza kwa ukweli na kwa lugha ambayo fomu inaielewa.

Niwaonyeshe hesabu, kwa sababu maneno matupu hayalipi karo.

Mwaka 2023 serikali ilibadilisha namna ya kugharimia masomo ya juu. Zamani mwanafunzi aliyepelekwa chuoni na serikali alilipa karo ya shilingi 16,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa iliyobaki ikabebwa na hazina. Utaratibu mpya ulisema kila kozi ihesabiwe gharama yake kamili, kisha gharama hiyo igawanywe mara tatu: ufadhili ambao haulipwi tena, mkopo utakaolipwa baadaye, na fungu la familia. Ukubwa wa kila fungu ulitegemea kundi uliloingizwa, na makundi yalikuwa 5. Kundi la kwanza, la wahitaji zaidi, lilipata ufadhili wa asilimia 70, mkopo asilimia 25, familia ikabaki na asilimia 5. Kundi la tatu lilikuwa asilimia 50 ufadhili, 30 mkopo, na 20 juu ya mzazi. La tano, familia ilibeba 40.

Sasa chukua kozi ya shilingi 200,000 kwa mwaka, namba rahisi ya kuhesabia. Mzazi wa kundi la kwanza anatafuta shilingi 10,000. Mzazi wa kundi la tatu anatafuta 40,000. Tofauti ni 30,000 kila mwaka. Kwa kozi ya miaka 4 ni 120,000. Igeuze hiyo kuwa mbuzi, kila mtu kwa bei anayoijua yeye. Bado hujahesabu ule mkopo wa matumizi, wa chakula na malazi, ambao nao ulipungua jinsi kundi lilivyopanda.

Viwango vilivyotangazwa viliweka kundi la kwanza kwa kaya isiyozidi shilingi 5,995 kwa mwezi, la pili isiyozidi 23,670, la tatu isiyozidi 70,000. Mnaona ile elfu 30 ilikomwangusha kijana wetu? Kweli, mapato si kitu pekee kinachotazamwa. Yanatazamwa pia hali ya wazazi, idadi ya ndugu walio shuleni, ulemavu, na shule uliyosoma. Lakini kijana yule, kwa kumstahi babake, aliiruka mistari miwili kwa kalamu moja.

Upande wa mtoni tuna kosa letu lingine, na hili halitokani na haya. Ni la hesabu tu. Binti mmoja wa Kipokomo alinionyesha karatasi yake kabla hajaituma. Mamake ana miembe. Msimu ukifika, malori yanakuja kutoka Mombasa, maembe yanaondoka, na mwaka huo mama alishika shilingi 48,000. Binti akaandika 48,000. Kisanduku kilikuwa kinauliza mapato ya mwezi! Nikamwuliza, maembe mnauza mara ngapi kwa mwaka? Mara moja. Na baada ya hapo? "Tunalima mpunga, lakini mwaka huu maji yameubeba." Basi elfu 48 ile igawe kwa 12. Ni shilingi 4,000 kwa mwezi. Yule mama alikuwa wa kundi la kwanza tangu mwanzo, na nusura binti yake amfanye mtu wa mshahara.

Kwa hiyo kabla hamjakanyaga saiba, kaeni nyumbani usiku mmoja, mlango umefungwa, mtoto ana daftari. Andikeni kila kilichoingia kwa miezi 12 iliyopita: mbuzi waliouzwa, maziwa, maembe, samaki, kibarua cha mpunga, pesa aliyotuma mjomba kutoka Malindi. Jumlisheni, gaweni kwa 12. Hiyo ndiyo namba yenu. Andikeni pia kilichopotea na kilichosababisha: ukame, au mafuriko ya mwisho wa 2023, au yale ya masika ya 2024 yaliyowahamisha watu wa delta na kuwapeleka kambini. Mzee wa Kiorma hatataja ng'ombe wake kwenye saiba, na asilazimishwe. Nyumbani, sikioni mwa mwanawe, atawataja. Mtoto atafika kwenye kompyuta na jibu tayari, na heshima ya mzee itakuwa salama.

Mtu asinielewe vibaya. Sisemi mjifanye maskini. Mwenye duka Minjila aandike duka lake, mwenye mshahara wa kaunti auandike. Kudanganya kwenye maombi ya mkopo wa serikali ni kosa kisheria, na fungu analonyakua mwongo linatoka kwa mtoto wa jirani yake. Ninachosema ni kwamba umaskini wa kweli, ukifichwa kwa ajili ya heshima, unamwadhibu mtoto ambaye hakuuchagua.

Wapo wanaoniambia, "Mwalimu, hii ni kuombaomba." Hapana. Huko nyuma, 1952, wakoloni walianzisha mfuko wa kuwakopesha Wakenya waliokwenda kusoma nje ya Afrika Mashariki. Mwaka 1974 ukaja mpango wa mikopo kwa Wakenya waliokuwa Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Mwaka 1995 Bunge likatunga sheria iliyounda Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, hii tunayoiita HELB, na kazi yake ikawa kukopesha na kudai, ili pesa ya aliyemaliza imsomeshe anayeanza. Watanzania wana bodi yao kwa sheria ya 2004. Maelfu ya mawaziri, madaktari na walimu wa nchi hii wamesomeshwa hivyo. Wakati Tom Mboya alipowapeleka Marekani wanafunzi 81 kwa ndege ya kwanza, Septemba 1959, vijiji vilichanga na marafiki wa ng'ambo wakachanga, na hakuna aliyewaita ombaomba. Kodi ya chumvi na sukari inalipwa Kipini sawasawa na Karen. Wimbo wa taifa hili ulitungwa juu ya bembelezi la mama wa Kipokomo. Mtoto wa Tana anapoomba fedha hizi anadai fungu lake.

Sasa niseme habari ya karatasi, na hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo nimeona machozi.

Nilikuwa na mwanafunzi wa kike, sitaji kijiji, babake alifariki binti akiwa Darasa la Sita. Alifia nyumbani. Asubuhi alikuwa hai, alasiri amezikwa, kama tufanyavyo Waislamu. Mama akakaa eda. Hakuna aliyewaza karatasi. Miaka 6 baadaye binti amefaulu, amepangiwa chuo, na kwenye maombi yupo mbele ya swali: baba yuko hai au amefariki? Akajibu amefariki. Basi weka cheti cha kifo. Cheti hakipo. Mbele ya kompyuta, yatima huyu hakuwa yatima. Tulizunguka naye ofisi hadi ofisi, tukaambiwa njoo kesho, ofisa hayupo, njoo Jumatatu, na nauli ya boda na matatu ikawa inatoka kwenye pesa ya sabuni na daftari. Siku cheti kilipotoka, dirisha la maombi lilikuwa limefungwa. Alikwenda chuoni muhula mzima akila mlo mmoja kwa siku.

Mama zangu, akifa mtu nyumbani, naibu wa chifu ndiye wakala wa usajili kwa vifo vya kijijini. Mwendeeni wiki hiyo hiyo, na namba ya kitambulisho cha marehemu mkononi. Ikipita miezi 6 huo unakuwa usajili wa kuchelewa, una masharti zaidi na mizunguko zaidi. Hakuna dini inayokataza jambo hili. Mashehe mliopo hapa, nawaomba, siku ya hitima, baada ya dua, mkumbusheni mjane: mwanangu, umeenda kwa naibu wa chifu? Neno hilo moja litamfaa yatima kuliko sahani nyingi za pilau.

Vilevile cheti cha kuzaliwa, na kitambulisho cha mwanafunzi mwenyewe mara tu atimizapo miaka 18. Jamii zetu kadhaa zimejua kwa miaka mingi maana ya kuitwa mbele ya kamati na kuulizwa babu yako alizikwa wapi ndipo upewe kitambulisho. Kwa hiyo asingoje barua ya chuo ndipo aanze. Na majina! Kwenye cheti cha mtihani ni Hawa, kwenye kitambulisho ni Hawo, kwenye cheti cha kuzaliwa ni Hauwa. Sisi tunajua ni mtu mmoja. Kompyuta inaona watu watatu. Tazameni majina hayo leo jioni mkifika nyumbani. Namba ya simu nayo iwe imesajiliwa kwa jina la mwanafunzi, si laini ya kaka, kwa sababu kila ujumbe utakuja huko, na kaka akihamia Lamu amehama na habari za mdogo wake.

Kuna suala la riba, na nitalisema kwa adabu maana wenye elimu yake wako mbele yangu. Mkopo wa HELB una riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Wapo vijana wa Kiislamu wanaoukataa kwa sababu hiyo, nami nawaheshimu. Lakini nimeona wengine, kwa kuukataa mkopo, wameacha maombi yote. Ufadhili na mkopo ni vitu viwili. Ufadhili haurudishwi na hauna riba. Mtoto anayeogopa riba aombe ufadhili, aombe basari, kisha akakae na shehe wake juu ya hilo lingine. Kuacha vyote ni kumwacha hata mbuzi wa halali malishoni.

Anayechukua mkopo naye ajue anachochukua. Mwaka mmoja baada ya kumaliza, unatakiwa kuanza kulipa. Ukinyamaza, faini ni shilingi 5,000 kila mwezi, juu ya deni. Najua kazi hazipatikani. Hata hivyo usijifiche. Waandikie, waeleze huna kazi, mpatane. Kijana anayebadilisha laini ya simu ili asidaiwe atakutana na deni lile siku anapohitaji cheti cha HELB kupata kazi, na atalikuta limenona.

Basari nitaipitia haraka. Mnazijua: ya mfuko wa jimbo la Garsen, na ya kaunti. Zijazeni zote, pigeni muhuri kwa chifu, zirudisheni mapema. Lakini msijenge nyumba juu yake. Septemba 2024 Mahakama Kuu ilisema sheria ya 2015 ya mfuko wa maendeleo wa majimbo ni kinyume cha Katiba, na ikaupa mfuko huo hadi Juni 30, 2026. Suala likaendelea kwenye rufaa. Basari za kaunti nazo zilitikiswa mwanzoni mwa 2025, Msimamizi wa Bajeti aliposema kaunti kazi yake ni chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, na kwamba haziwezi kulipia masomo ya juu bila makubaliano na serikali kuu. Nami nina la kusema hapa, si la kumlenga mtu yeyote: basari inayotolewa mbele ya kamera na kipaza sauti, mama akaitwa jina na kushukuru kwa kupiga magoti, inamfundisha mtoto kwamba karo yake ni ukarimu wa mtu. Sipendi kabisa. Itumwe chuoni kimya kimya, kwa orodha iliyobandikwa ukutani kila mtu aisome.

Hata ule utaratibu wa makundi 5 umepigwa mahakamani. Desemba 20, 2024 Mahakama Kuu iliutangaza kuwa kinyume cha Katiba, serikali ikakata rufaa, na hukumu ikasimamishwa kwa muda. Wengi waliulalamikia kwa sababu nzuri: mtoto aliyesoma shule kubwa kwa msaada wa mfadhili alionekana tajiri, na aliyefiwa alionekana ana wazazi. Huenda mwakani majina yakabadilika, kundi likaitwa ngazi, asilimia zikapanda au kushuka. Swali la mapato ya mzazi litabaki, maana hakuna serikali itakayotoa pesa bila kuuliza nani ana haja. Kwa hiyo lile daftari la usiku mmoja halitakuwa kazi bure.

Na ukiwekwa kundi ambalo si lako, usilie ukaacha. Kuna njia ya rufaa, iliyofunguliwa wazi zaidi Agosti 2024 baada ya wanafunzi kupaza sauti. Kata rufaa kwa vielelezo: cheti cha kifo, barua ya chifu inayosema shamba lilizama, barua za shule za wadogo zako zinazoonyesha karo inayodaiwa. Kijana wetu wa elfu 30 alifanya hivyo. Safari hii babake alikuwa amekwisha kumwambia idadi, usiku, wakiwa wawili tu bomani. Kijana hakunitajia, na mimi sikumwuliza.

Nimewachosha. Nimeleta nakala za karatasi ya hesabu ya miezi 12, ziko kwa binti yule pale mlangoni. Chukueni moja kwa kila nyumba, zikiisha tutaandika kwa mkono. Wenye majina yasiyolingana wabaki nami baada ya sala ya alasiri. Na mama yule wa leso ya kijani pale nyuma amekuwa na mkono juu tangu nilipotaja cheti cha kifo. Mama, karibu mbele. Mpisheni apite.